Aya Niliyoiruka

Bweni la Wasichana, Chumba cha Saba
Jumapili, 4 Februari

Mama mdogo,

Shikamoo. Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata rafiki yangu wa kitanda cha juu ambaye namsimulia mpaka ndoto. Mwezi wa kumi na mbili, nilipokuwa nyumbani kwa likizo, nilimsomea mama karatasi ya utafiti wa hospitali yenu nikaruka aya moja. Haikuwa bahati mbaya. Niliiona, nikaielewa, nikairuka.

Mama alikuwa anapiga pasi mashati ya watu. Alitoa karatasi kwenye mkoba wa kliniki, akaniambia, "Haya, nisomee. Watu wa hospitali wanataka jibu wiki ijayo." Unajua mwenyewe mama hakupata shule, na baba akiwa na lori lake huko njiani kazi ya kusoma ni yangu tangu darasa la pili. Nikasoma. Kwamba atajifungua kwa upasuaji uliopangwa kwa sababu ya kovu la kunizaa mimi. Kwamba mtoto akishatoka, kila mama hupewa dawa ya kukaza mfuko wa uzazi ili asivuje damu. Kwamba dawa hiyo hutolewa kwa njia mbili, sindano moja ndani ya mshipa au matone ya taratibu, na hospitali inataka kuzilinganisha.

Halafu nikafika hapa. Naikumbuka kwa moyo: "Hakuna atakayekuchagulia njia. Kompyuta itapiga kura. Wewe, daktari na muuguzi hamtajua ni njia ipi iliyokuwa na dawa mpaka utafiti umalizike. Una haki ya kukataa, na ukikataa utahudumiwa kama kawaida."

Unamjua dada yako. Mtu akimwambia neno kura anasema maisha yake si karata. Nikajua atakataa. Na aya iliyofuata ilisema kila mama aliyemo atakuwa na muuguzi wake mchana na usiku, na damu ya kundi lake itawekwa tayari. Kwa hiyo nikaruka, nikasoma hiyo ya muuguzi kwa sauti nzuri. Mama akasema, "Kumbe jambo jema." Wiki iliyofuata akaenda akatia dole gumba. Walipomuuliza kama amesomewa akasema amesomewa na mwanawe.

Sasa yuko kwako anangoja tarehe 14 Machi. Wewe umo kwenye utafiti huo. Naomba mambo mawili. La kwanza, usimwambie. La pili, fanya apate ile njia iliyo bora.

Mwanao,
Miwani


Chumba cha Wauguzi wa Upasuaji
Jumatatu, 12 Februari

Miwani,

Marahaba. Barua yako niliifungua chumba cha kubadilishia nguo, mguu mmoja ndani ya buti na mwingine hewani, nikabaki hivyo kama korongo mpaka mwenzangu akaniuliza kama nimepigwa kiharusi.

Nianze na lile la pili, ndilo jepesi. Unataka nimpatie njia iliyo bora. Mwanangu, mimi siijui. Mtoto akishatoka, mfuko wa uzazi ni kama ngumi iliyolegea. Ukikunja ngumi mishipa inabanwa, damu inakoma. Dawa ndiyo inayoukumbusha kujikunja. Hapa kwetu tuna madaktari wawili. Mmoja tunamwita Mzee wa Polepole, yeye ni wa matone. Mwingine tunamwita Radi, yeye ni wa sindano. Ukitaka burudani keti nao mezani wakati wa chai.

"Wewe unawatapisha wanawake," Mzee wa Polepole anasema. "Presha inashuka, moyo unakwenda mbio, mama anadhani anakufa."

"Na wewe unawangojesha mpaka wavuje," Radi anajibu. "Dawa inafika mama ameshalowa."

Kila mmoja ana miaka ya visa vya kumthibitishia, na hakuna aliyewahi kuhesabu. Ndiyo maana sasa tunahesabu. Kila mama anapata vyote viwili, sindano na chupa ya matone. Kimoja kina dawa, kingine kina maji ya chumvi tu, na kwa macho havitofautiani. Anayejua ni mfamasia, na orodha yake kaifungia kabatini. Damu ikizidi hatungoji kura ya mtu, daktari anaongeza dawa papo hapo. Mimi kazi yangu ni mizani. Vitambaa vyote vilivyofyonza damu navipima, natoa uzito wa vikiwa vikavu, naandika. Vya dada yangu sitavipima. Nimeshawaambia.

Kwa hiyo hata ningetaka kuchungulia, sina pa kuchungulia. Na hata ningechungulia, nisingejua niombe nini.

Sasa lile la kwanza. Dada yangu anakaa chumbani kwangu, anakunja nguo zangu ambazo sikumwomba azikunje, na ametia dole gumba kwenye karatasi asiyoijua. Siwezi kumpeleka ndani hivyo. Mtu akikubali nusu ya jambo hajakubali. Na wenzangu waliomuuliza kliniki nao wamekosa, walipaswa kumsomea wenyewe mbele ya shahidi mtu mzima. Nimewaambia hilo pia bila kukutaja, na kwa sasa jina la mama yako limewekwa pembeni.

Mwambie wewe. Nakungoja mpaka barua yako ijayo. Isipofika nitamwambia mimi, na ikitoka kwangu itakuwa chungu zaidi.

Nakupenda, hata kama leo nimekasirika.

Mama yako mdogo


Bweni la Wasichana
Jumapili, 18 Februari

Mama mdogo,

Shikamoo. Nimeandika barua ya kumwambia mama mara nne. Kila nikifika mwisho nakumbuka kwamba anayemsomea mama barua ni mimi.

Basi utamsomea wewe. Nimeiweka ndani ya hii. Nilitaka kukuandikia usiruke kitu, halafu nikaona aibu.

Kuna lingine ambalo sikukuambia, na kwenye barua ya mama limo. Nilipokuwa na miaka kumi na moja nilikuwa napanga sanduku la nyaraka, nikakuta kadi ya kliniki ya mwaka niliozaliwa. Imeandikwa kwamba alipoteza damu nyingi na akaongezewa chupa tatu. Mama siku zote ananiambia nilitoka kama njugu kwenye ganda, hata sikulia, nilitazama tu kama mkaguzi. Sikumwuliza. Nilifikiri kwa kuwa hawezi kuisoma kadi, huenda anadhani pale wameandika uzito wangu. Tangu siku hiyo kila akisema ana mimba roho inaniruka. Mara mbili alisema, na mara zote mbili haikukaa. Hii imekaa. Ndiyo maana nilitaka damu iwe tayari na muuguzi awe karibu, kwa njia yoyote ile.

Nimesoma kitabu cha baiolojia cha kidato cha juu. Mfuko wa uzazi umepewa kurasa mbili, dawa hiyo mstari mmoja.

Mama mdogo, unaishi naye chumba kimoja. Je, bado akipiga pasi anazungumza na kola za mashati? Nyumbani nilikuwa najifanya nimelala ili nimsikie anavyoigombeza kola. Huku Jumamosi tunafua wasichana arobaini kwenye karo moja, kelele tele, na mimi nasikia kimya. Siku thelathini na tisa tangu niondoke. Nazihesabu kwa penseli nyuma ya daftari la jiografia.

Mwambie nampenda kabla hujaanza kusoma. Hapana, soma kwanza.

Miwani


Nyumbani kwa Mama mdogo
Jumanne, 27 Februari

Mwanangu,

Mdogo wangu anaandika, mimi nasema. Nimemwambia aandike kila neno, hata matusi. Amesema matusi atayaandika kwa herufi ndogo.

Barua yako amenisomea mara mbili. Nilikuwa nashona vitufe, nikajichoma kidole.

Nilijua umeruka. Wewe ukisoma unapitisha kidole chini ya mstari tangu ukiwa mdogo. Siku ile kidole kilikuwa kinakwenda vizuri, mara kikaruka kama panzi kikatua huko chini. Mimi sijui kusoma, lakini kidole hicho nakijua, nilikizaa. Nikasema moyoni, mtoto amekutana na kifo changu kwenye karatasi, hataki kukitamka. Nami sikutaka kukulazimisha. Nikanyamaza, nikaenda nikatia dole. Kumbe hapakuwa na kifo. Palikuwa na kura tu! Sisi wawili, Miwani, tungeuziana mbuzi kwenye gunia.

Kadi naijua. Damu ilitoka mwilini mwangu, ningengoja kadi iniambie? Sikukuambia kwa sababu mtoto anayejiona alimwaga damu ya mama yake hatembei wima. Naona ulijiambia mwenyewe, na hujatembea wima miaka mitano, nami nikadhani ni vitabu vinakuinamisha.

Sasa sikiliza yaliyotokea. Jana nilikwenda kliniki. Ile karatasi ya kwanza niliwaomba waichane mbele yangu, wakaichana. Wakanisomea upya mbele ya mama mfagiaji wa wodi, ambaye ana miwani mikubwa kuliko yako na alikuwa anawarekebisha matamshi. Nilipoisikia ile aya yako nilikasirika kweli. Nikamwita Mzee wa Polepole.

"Daktari, angekuwa mkeo hapa, ungemchagulia ipi?"

"Matone," akasema, bila hata kufikiri.

Nikasema niitieni na yule mwingine. Akaja Radi, bado ana kofia ya upasuaji. Nikamwuliza vilevile.

"Sindano, mama. Sindano tu."

Wakatazamana. Mimi nikacheka mpaka kovu likauma. Nikawaambia, basi ni kweli hamjui. Mngesema hivyo tangu mwanzo. Mtu anayesema sijui nitampa dole langu kuliko anayejifanya anajua. Leteni wino.

Kwa hiyo nimekubali. Ningekubali na siku ile, ungenisomea. Hilo ndilo linaloniudhi. Hukunipa nafasi ya kuwa mimi. Ulinifanya mtoto wako, na mimi bado sijazeeka.

Karatasi zangu kuanzia sasa atanisomea mdogo wangu, na nikirudi nyumbani nitamwomba fundi cherehani wa jirani. Si adhabu. Ni kwamba nikikusikia wewe unasoma nitakuwa naangalia kidole badala ya kusikiliza.

Kula. Matroni aliniambia unakula kitabu na kuacha chakula.

Mama yako
(Mimi Mama mdogo nimeandika yote. Matusi alighairi.)


Bweni la Wasichana
Jumatatu, 4 Machi

Mama,

Shikamoo. Sina la kujitetea. Nimesoma barua yako nikiwa maktaba, chini ya ngazi, mahali ambapo hakuna anayekuja kwa sababu kuna ensaiklopidia tu.

Niliomba ruhusa ya kuja tarehe 14. Mwalimu mkuu amesema mtihani wa majaribio hauna ruhusa mpaka msiba. Nikamwambia sitaki iwe msiba, akanitazama, akasema, "Basi kaa usome." Siku hiyo nina hesabu kuanzia saa mbili. Mama mdogo anasema unaingia saa tatu. Saa tatu nitakuwa kwenye swali la nne au la tano.

Fundi cherehani anasoma polepole sana na anaruka maneno marefu. Simsengenyi. Nasema ili umvumilie.

Nimetembea wima tangu Alhamisi. Rafiki yangu anasema naonekana kama niliyemeza rula.

Natamani kukuona, mama. Sijui njia nyingine ya kuliandika hilo.

Miwani


Bweni la Wasichana
Jumapili, 24 Machi

Mama mdogo,

Siku kumi. Mwalimu anayegawa barua amepita mara tatu, na mara zote tatu nimesimama mstarini. Nikikupigia kwa simu ya mwalimu wa zamu, hupatikani. Kama barua yako iko njiani, sijaipata.

Kama ni baya, liandike tu. Nitalisoma lote.

Miwani


Chumba cha Wauguzi wa Upasuaji
Ijumaa, 22 Machi

Miwani wangu,

Nisamehe. Sikutaka kuandika kabla sijaujua mwisho, na simu yangu niliidumbukiza kwenye ndoo ya dawa siku ileile ya upasuaji. Mama yako yu hai. Hilo lisome mara mbili, halafu endelea.

Tulimwingiza saa tatu kama nilivyosema. Alichomwa sindano ya ganzi mgongoni, akawa macho muda wote, anauliza maswali kama mkaguzi wa mahesabu. Mzee wa Polepole ndiye aliyekuwa zamu. Mtoto alitoka analia, si kama wewe. Sindano ikaingia, matone yakafunguliwa. Mama yako akaniuliza, "Ni ipi?" Nikamwambia, "Sijui, dada." Akasema, "Vizuri."

Kwa dakika chache ngumi ilijikunja. Halafu ikalegea. Nilimwona Mzee wa Polepole anatia mkono, anakanda, na yule mtu ambaye hajawahi kufanya haraka maishani mwake akasema, "Leteni dawa ya pili. Sasa." Ililetwa. Damu ilikuwa tayari mlangoni, kwa sababu ya utafiti, ndiyo, ulikuwa sahihi hapo. Walimwongezea chupa mbili. Mimi nilikuwa nimemshika mkono tu. Kazi yangu yote ni kupima damu, na siku ile sikuweza hata kuitazama. Mwenzangu alipima. Ilikuwa lita moja na robo.

Akitetemeka kwa baridi alikuwa anakuita wewe. Siyo mimi niliyemshika mkono, wala mumewe. Nilimwambia, "Yuko kwenye mtihani." Akasema, "Swali la ngapi?" Nikamwambia la tano. Akakunja vidole kama anayehesabu.

Siku tatu alikuwa dhaifu, ya nne na ya tano homa, jana ameamka akagombana na mpishi wa wodi. Leo nimejua mwisho, ndiyo naandika.

Utauliza. Huenda dawa ilikuwa kwenye sindano. Huenda ilikuwa kwenye matone. Huenda angevuja hata kwa vyote viwili, kuna mifuko ya uzazi isiyosikia la mtu. Mimi nimemshika mkono na sijui. Radi anasema ilikuwa matone, yaani kosa la mwenzake. Mzee wa Polepole anapita kumwangalia mara tatu kwa siku.

Una mdogo wa kike. Kilo tatu na gramu mia mbili, kidevu chako, hasira za bibi yako. Hana jina bado. Mama yako anasema jina halina haraka.

Nilimwuliza kama ana la kukuambia. Akasema, "Mwambie nilimtaka hapa." Nikamwuliza, basi? Akasema, "Basi."

Mama yako mdogo


Nyumbani
Jumatatu, 19 Agosti

Mama mdogo,

Shikamoo. Nipo nyumbani kwa likizo wiki ya pili. Mtoto ana miezi mitano na meno mawili, na tayari ameniuma. Bado tunamwita Mgeni. Baba alipita Jumamosi na lori, akambeba mkono mmoja kama usukani, akaondoka Jumapili.

Mama amepona. Anabeba beseni la nguo kichwani ingawa ulimkataza. Ananituma kila kitu, maji, mkaa, wanga wa kupigia pasi, kumwogesha mtoto. Ananisimulia ya wateja wake, tunacheka mpaka jirani anagonga ukuta. Kitu kimoja tu hanitumi. Kadi ya chanjo ikija, anaiweka kifuani mpaka fundi cherehani amalize kazi zake. Fundi anakuja na kipimio chake shingoni, anasoma kwa kuvuta kama anayeburuta kabati. Juzi alisoma "tarehe ya kurudi" akaacha tarehe yenyewe. Mama akamwuliza, akarudia. Mimi nilikuwa namenya viazi. Sikuinua kichwa.

Nilidhani nitazoea. Sijazoea. Shuleni nilikuwa nimemkosa kwa umbali wa siku moja ya basi, na ule ulikuwa umbali ninaoweza kuuhesabu. Huu wa hatua nne ndani ya chumba kimoja sijui nauhesabuje. Simlaumu. Sijamwomba anirudishie kazi, kwa sababu nikiomba atanipa kwa huruma, na atakuwa anaangalia kidole.

Jana asubuhi ililetwa barua kutoka hospitalini kwenu. Nadhani unajua ni ipi. Muhuri wa utafiti uko juu na aliyeileta alisema utafiti umefungwa, kila mama anaambiwa yake alipata ipi. Mama aliigeuza mara mbili, akaiweka kwenye rafu karibu na pasi, akaenda kupeleka mashuka nyumba ya wageni. Aliniachia mtoto.

Bahasha zenu ni nyembamba, Mama mdogo. Kutoka nilipokaa niliweza kuona kivuli cha mistari. Miezi mitano nimelala na swali hilo. Usiku wa mtihani, siku zile kumi, likizo nzima. Sindano au matone. Ukiandika, usiniambie. Mama akitaka nijue, ataniambia mwenyewe.

Nilichofanya ni hiki. Nilimfunga mtoto mgongoni, nikatoka, nikaenda kwa fundi cherehani. Nikamwambia kuna barua ya mama. Akasema, "Na wewe miwani yote hiyo ya kazi gani?" Nikamwambia mama anamngoja yeye. Nikamngoja amalize pindo la sketi. Mama alikuwa amerudi tulipofika. Alimwona fundi, akaniona mimi nyuma yake, akatazama rafu. Bahasha ilikuwa pale pale. Fundi alipoichana nilitoka na mtoto, nikavuta mlango, nikaenda kuanua nepi uani. Zilikuwa kumi na moja. Nilizikunja zote, moja moja, nikakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa mpaka fundi alipotoka.

Mwanao,
Miwani